"Sanaa huru" vyuoni Urusi: si uchoraji, na si chama cha siasa

Kuna elimu ya chuo kikuu ambayo mwanafunzi anaonja masomo mengi kwanza, kisha anachagua fani kuu. Balaa linaanzia kwenye jina lake. Warusi wanaiita svobodnye iskusstva i nauki, yaani sanaa na sayansi huru, na mzazi akisikia "sanaa" picha inayomjia ni brashi na rangi, kama Mtanzania anavyofikiria chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Ukisema "elimu huria" ndiyo unaharibu kabisa. Mtu atadhani ni kusoma kwa mbali. Asili yake ni Kilatini, artes liberales, masomo ya mtu asiye mtumwa. Yalikuwa saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Hakuna uchoraji hapo, wala uliberali wa wanasiasa.

Dhana ya pili ina wafuasi wengi zaidi: kwamba ni mradi wa Wamarekani uliopandikizwa Urusi. Nusu yake ni kweli. Smolny, programu ya elimu hii, ilizaliwa miaka ya 1990 ndani ya Chuo Kikuu cha Serikali cha St. Petersburg kwa ushirikiano na Bard College ya jimbo la New York, na mhitimu aliweza kutoka na shahada mbili, ya Urusi na ya Bard. Lakini chuo mama kilikuwa cha serikali, na masomo mengi yalifundishwa kwa Kirusi. Ilipopandishwa kuwa kitivo kamili mwaka 2011, dekani alikuwa Alexei Kudrin, waziri wa fedha wa Urusi hadi mwaka huohuo. Sijui ni mpandikizo gani unaopewa mlezi wa namna hiyo. Mwaka 2017 Tyumen nayo, mji wa mafuta huko Siberia, ikafungua shule yake ya aina hii ndani ya chuo kikuu cha hapohapo.

"Mshika mawili moja humponyoka." Methali hii wanaitupia elimu hii kila siku, kwamba mwanafunzi anaonja kila kitu na hashibi chochote. Hapa inafaa kwanza kuujua mfumo wa zamani. Muulize mzee aliyesoma Chuo cha Lumumba, Moscow, miaka ya 1970. Mwaka wa kwanza Kirusi, kisha fani moja tu, iwe udaktari au uhandisi. Umepangiwa kundi lenye namba, na kundi hilohilo unakaa nalo hadi mwisho. Ratiba imebandikwa ukutani, husogezi somo hata moja. Siku ya mtihani unaokota karatasi ya swali, bilet, mezani kwa mwalimu, unakaa pembeni kujiandaa, kisha unajibu kwa mdomo. Ukifaulu, alama inaandikwa kwenye kijitabu chako, zachyotka. 5 ni bora, 2 umefeli.

Kwenye mfumo mpya mwanafunzi anaanza kwa kuonja, ndiyo, lakini akishafika mwaka wa pili au karibu na hapo anachagua fani kuu na kuibobea: uchumi, kompyuta, historia, filamu. Katikati anaandika insha baada ya insha na kubishana kwenye semina ndogo, akiwa na mshauri wa kumsaidia kuchagua. Kwa hiyo hapotezi fani; anaichelewesha kidogo ili aichague akiwa na macho.

Kwa maoni yangu, kilichowatoa jasho hasa vyuoni humo ni ratiba, wala si falsafa. Kila mtu akijichagulia, lile kundi lenye namba linavunjika, na chumba, mwalimu na saa vinapangwa upya kila muhula. Mhadhiri aliyezoea kupewa wanafunzi sasa anaweza kukosa wa kumchagua. Hapo ndipo upinzani wa kimyakimya hutokea, na mtu hahitaji kuichukia Marekani ili aupate.

Na je, mambo yaliisha 2021? Juni mwaka huo mwendesha mashtaka mkuu wa Urusi aliitangaza Bard kuwa taasisi isiyotakiwa, na Chuo Kikuu cha St. Petersburg kikakata uhusiano nayo. Shahada ya Bard ikaondoka nayo. Mwaka 2022 Urusi ikatangaza kuachana na mfumo wa Bologna, mpango wa nchi za Ulaya wa kulinganisha shahada zao, iliojiunga nao 2003. Pigo kubwa, sikatai. Lakini kilichopigwa marufuku ni Bard. Mwanafunzi kujichagulia masomo hakukupigwa marufuku. Na baadhi ya walimu wa Smolny waliohama nchi wanafundisha kwa intaneti, chini ya jina Smolny Beyond Borders.