Hakuna dawa ya kukuza kuku, kuna mizani

Ujumbe wa jana usiku ndio umenikalisha kuandika: "Mtaalamu, broila wangu wana wiki nne, wamedumaa. Nitajie dawa ya kukuzia." Hajasema wana gramu ngapi. Hajasema wamekula mifuko mingapi. Anataka jina la dawa tu, na kabla sijajibu kashatuma alama tatu za kuuliza.

Jamani, ukuaji haumo kwenye chupa, umo ndani ya kifaranga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilea kuku wa mbegu ya 1957, wa 1978 na Ross 308 (broila wa kisasa) wa 2005 kwa chakula kilekile. Siku ya 56, wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, Ross gramu 4,202. Hiyo ni kazi ya kuchagua wazazi, kizazi baada ya kizazi. Habari ya homoni nayo tuimalize hapohapo: homoni ya ukuaji ni protini, ukiitia kwenye chakula kuku ataimeng'enya kama anavyomeng'enya soya. Za sindano? Nani ana muda wa kudunga kuku 500 kila siku kwa faida hii tunayoijua?

Kuhusu antibayotiki nitasema jambo ambalo kwenye semina huwa linarukwa. Wanaotia OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwenye maji tangu vifaranga wanashuka kwenye boksi hadi siku ya kuuza hawaoti ndoto. Dozi ndogo ziliongeza ukuaji kweli, ndiyo maana Ulaya walizitumia miaka mingi mpaka walipopiga marufuku mwaka 2006 kwa kuogopa usugu wa vimelea. Ila faida yake huonekana zaidi kwenye banda chafu. Kwa hiyo dawa ikikuletea mabadiliko makubwa, imekupa ripoti ya uchafu wa maranda uliyotandika bandani. Na mabaki yake anakula mteja, kwa sababu huyo anayeichanganya mpaka siku ya mwisho hajawahi kuhesabu siku za kusubiri kati ya dozi ya mwisho na kuchinja.

Wiki ya kwanza sitaki kuirudia, imeandikwa kila mahali: kifaranga wa gramu 40 awe amefikia angalau mara nne ya uzito huo siku ya saba, na akishindwa hapo usitegemee afidie kabla ya soko. Mkaa wa kuwapasha joto unaoubana usiku utaulipa kwa chakula. Mahindi yenye ukungu usiwape, sumukuvu haitoki kwa kuanika upya. Dagaa wenye mchanga ni mchanga.

Maji ndiyo yananichosha. Kuku hunywa kama mara mbili ya uzito wa anachokula, na joto likizidi hunywa zaidi. Asipokunywa, hali. Sasa nenda banda la Chanika, Dar es Salaam, mwezi wa pili, saa nane mchana: tangi jeusi juani, bomba limepita juu ya bati, maji yanayofika kwa kuku ungeweza kukorogea chai. Mwenye banda analalamika chakula hakina ladha! Funika tangi, zika bomba, mwaga maji ya mchana uweke mapya. Hilo peke yake limewahi kunimalizia kesi za "kudumaa" bila kugusa kitu kingine. Chakula mimi hushauri kiondolewe kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni siku za joto kali, kisha taa iwake usiku wale. Wapo wenzangu wanaopinga, wanasema saa zinazopotea hazirudi, na kwenye banda refu lenye feni nadhani wako sahihi. Kwenye banda la bati la chini naona vifo vinapungua, kwa hiyo naendelea.

Tuje kwenye FCR, yaani kilo za chakula zilizotumika kwa kila kilo moja ya kuku hai, maana huku ndiko watu wanajidanganya kwa kikokotoo. Mfugaji alianza na vifaranga 500, akatumia mifuko 36 ya kilo 50, yaani kilo 1,800. Anagawa kwa 500, anapata kilo 3.6 kwa kuku. Anapima jogoo mmoja aliyenona, kilo 2.3. Anapata 1.57, anapost, anapongezwa. Lakini waliouzwa ni 460, wastani wao kilo 1.9. Hizo ni kilo 874 za kuku hai, na FCR yake ni 2.06. Wale 40 waliokufa walikula. Aliyekufa siku ya tatu alikula kiganja. Aliyekufa kwa joto wiki ya mwisho ameondoka na kilo tatu. Chakula kilichomwagika marandani nacho kimo ndani ya zile 1,800: asilimia 5 tu ni kilo 90, karibu mifuko miwili, na tiba yake ni kuning'iniza vyombo, ukingo uwe usawa wa mgongo wa kuku, usivijaze hadi juu.

Pima kuku wasiochaguliwa. Zungushia kona moja, pima wote waliomo, hata yule kilema.

Halafu usilinganishe FCR ya kuku wa kilo 1.5 na ya jirani aliyefika kilo 2.5. Kadiri kuku anavyokuwa mzito, sehemu kubwa zaidi ya chakula inakwenda kuutunza mwili alionao, si kuongeza nyama. Jedwali la kampuni ya mbegu lililokuonyesha karibu 1.5 kwa wiki tano limeandikwa kwa banda ambalo mimi na wewe hatuna. Huwa nalitumia kuona mwelekeo, si kumhukumu mtu.

Na mnunuzi wako analipa kwa kichwa au kwa kilo? Wauza chipsi kuku wengi wanalipa kwa kichwa, na kwa kuku mkubwa hawakuongezi hata shilingi. Kama ndiyo soko lako, kuku akifika kilo 1.5 mpigie mnunuzi simu. Kila mfuko unaofungua baada ya hapo unamlisha mteja wako bure.