Maumivu ya kazi ya kurudiarudia: siyo kila mkono unaouma ni baridi yabisi

Sasa hivi hapa Mwanza ukikaa na watu wa bustani, kuanzia Luchelele huko mpaka Kayenze, mtu yeyote anayeamka usiku mkono umekufa ganzi anapewa jibu moja tu, "mayu hiyo ni baridi yabisi, ni hayo maji ya ziwa unayochota alfajiri". Basi anaelekezwa bangili ya shaba, au mafuta ya nyonyo, au mtu wa kumchua, na kesho yake kabla jua halijatoka yuko tena kwenye matuta na keni zake mbili za kumwagilia. Nimelisikia hili mara nyingi mno, na kila mara anayeambiwa ni mtu anayetulishia mji mzima mboga, kwa hiyo naomba nieleze taratibu.

Maumivu ya kazi ya kurudiarudia ni madhara yanayoingia kwenye kano, misuli, maungio na mishipa ya fahamu kwa sababu kiungo kimoja kinarudia mwendo uleule mara nyingi mno bila kupumzika vya kutosha, na yanakuja haraka zaidi kama mwendo wenyewe unataka nguvu, au kifundo cha mkono kimepinda, au kifaa kinatetemeka. Hakuna siku moja ambayo utasema niliumia siku ile. Maana yake ndo hiyo, haina mengi. Na elimu ya kupanga kazi na vifaa vimfae mtu, badala ya mtu kujikunja avifuate, inaitwa ergonomia. Wengi wanaijua kwa viti vya ofisini na kompyuta, ila wa kwanza kuiandika kwa jina hilo, Mpolandi Wojciech Jastrzębowski mwaka 1857, alikuwa mwalimu wa mimea kwenye chuo cha kilimo kule Warsaw, kwa hiyo watu wa bustani wasione kama ni habari ya watu wengine. Wala siyo ugonjwa uliokuja na simu, maana daktari wa Italia Bernardino Ramazzini mwaka 1713 tayari alishaandika habari za makarani ambao mkono uliwachoka mpaka ukashindwa kabisa kwa sababu ya kalamu kwenda mwendo uleule kutwa nzima.

Sasa turudi kwenye baridi yabisi, maana shida iko hapa.

Baridi yabisi wanayoisema madaktari ni ugonjwa ambao kinga ya mwili wako mwenyewe inageuka na kuyashambulia maungio. Hausababishwi na baridi. Unaweza kumpata mtu ambaye hajawahi kushika jembe wala kugusa maji ya ziwa, na unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kawaida unakuja mikono yote miwili kwa pamoja, maungio yanavimba, hasa yale ya katikati ya vidole na yale ya pale kidole kinapoanzia kwenye kiganja, ukiamka asubuhi mikono imekakamaa na inaweza kuchukua saa nzima au zaidi ndo ikubali kukunja ngumi, na mtu anakuwa mchovu mwili mzima, wengine wanapata na homa ndogondogo. Una vipimo vyake vya damu na dawa zake maalumu, na dawa hizo zinatakiwa zianze mapema kabla maungio hayajaharibika na vidole kupinda. Kwa hiyo ukiita kila kitu baridi yabisi unawaponza watu wawili kwa mpigo: yule aliye nayo kweli anaonekana ana kitu cha kawaida tu cha kupaka mafuta, na yule ambaye hana anatibiwa baridi huku kinachomuumiza anakirudia kila siku asubuhi mpaka jioni.

Mkono ulioumizwa na kazi unaongea tofauti, na ukiusikiliza unakwambia hata ni wapi penye shida. Ule unaokufa ganzi usiku, unaamka unaukung'uta kwanza ndo ulale tena, muulize mwenye nao ni vidole gani. Akikwambia ni gumba, cha shahada, cha kati na labda upande mmoja wa cha pete, ila kidole kidogo kiko salama, hapo kuna uwezekano mkubwa ni kile madaktari wanachoita kapo taneli. Pale kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba imezungukwa na mifupa na juu imefunikwa na utepe mgumu, na humo ndani zinapita kano tisa za kukunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikichoka, ala zake, yaani ile mifuko inayozifunika, zinavimba, njia yenyewe haitanuki, anayebanwa ni ule mshipa. Mshipa huo hauendi kwenye kidole kidogo, ndo maana kidole kidogo hakilalamiki. Kama kinachokufa ganzi ni kidole kidogo na nusu ya cha pete, basi ni mshipa mwingine kabisa, mara nyingi umebanwa kwenye kiwiko.

Halafu kuna yule ambaye hana ganzi, ila akinyanyua kikombe au akikamua nguo anasikia moto upande wa kidole gumba pale kwenye kifundo. Hizo ni kano mbili za gumba zinazopita kwenye ala moja, na hali hiyo inaitwa kwa jina la daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeieleza mwaka 1895. Kuna kidole kinachokunjika kikagoma kukunjuka mpaka ukivute na mkono mwingine, kinaachia ghafla na mlio. Kuna maumivu ya nje ya kiwiko kwa mtu anayeshika kisu au panga kwa nguvu kutwa. Yote haya yanatupwa kwenye kapu moja la baridi yabisi, wakati kila moja lina mahali pake na mwendo wake uliolileta.

Nikisema mwendo naomba mnielewe kwa kazi moja ambayo watu wanaiona nyepesi kuliko zote, kujaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, kwenye kitalu. Mama kakaa chini, miguu kainyoosha, rundo la udongo uliochanganywa na mbolea liko mbele yake. Mkono wa kushoto unafungua mdomo wa kiriba kwa ncha za vidole, unakishikilia wima, mkono wa kulia unachota udongo na kifundo kimepinda, unamimina, halafu gumba linashindilia kuzunguka pembeni, udongo mwingine, linashindilia tena, kiriba kinawekwa kwenye mstari, kinachukuliwa kingine. Analipwa kwa idadi, kwa hiyo hapumziki. Chukulia amejaza viriba 500 na kila kimoja gumba limebonyeza mara sita tu, hiyo ni mibonyezo 3,000 kwa siku kwa kidole kimoja, na hapo sijahesabu ule mkono wa kushoto unaobana plastiki kwa ncha za vidole. Kushika kitu kwa ncha za vidole kunazielemea kano kuliko kukishika kwa kiganja chote, hata kama kitu chenyewe ni chepesi kabisa. Sasa mtu huyu akienda kusema gumba linawaka anaambiwa eti ni baridi, na amekaa juani tangu asubuhi.

Au chukua kumwagilia. Lita moja ya maji ni kilo moja, keni ya lita kumi ni kilo kumi na uzito wa keni juu yake, mtu anabeba mbili, anapanda nazo kutoka ufukweni mpaka kwenye mchicha, halafu akifika hazishushi, anazipindua kwa kifundo ili maji yatoke kama mvua. Ile pindua ndo inayoumiza, maana kifundo kikipinda nguvu ya kushika inapungua, kwa hiyo vidole vinabana zaidi ili keni isiponyoke, na kano zinasuguana na kingo za ile njia kama kamba ya kokoro inavyosuguana na ukingo wa mtumbwi. Bomba la kupulizia dawa nalo ni hivyohivyo, lita 16 mgongoni, kushoto unapampu juu chini bila kuacha, kulia umebana kile kishikio muda wote. Kung'oa ndago, kukata matembele, kutoa machipukizi ya nyanya kwa kucha za gumba, kufunga mafungu ya figiri usiku ili yawahi sokoni Kirumba alfajiri, mkono ni uleule. Akirudi nyumbani, mkono huohuo unafua na kusonga ugali.

Na hiyo baridi ya asubuhi je? Tuwe wakweli, ina nafasi yake. Mkono wenye baridi na maji unapoteza hisia kidogo, kwa hiyo mtu anashika kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na kitu kinachoteleza kinakulazimisha ubane zaidi. Baridi inaongeza mzigo, hapo sikatai. Lakini mvuvi na mkulima wakitoka asubuhi ileile ya Juni upepo uleule, kinachoamua nani aumie gumba na nani aumie bega ni kile anachokifanya na mikono yake.

Kuna na hii ya "utazoea". Ngozi inazoea kweli, inaota sugu, na misuli nayo inakua ukiipa chakula na muda. Kano haziendi hivyo, zina damu kidogo, zinajirekebisha polepole sana, na mshipa wa fahamu uliobanwa miaka haukomai, unakufa taratibu mpaka ile nyama ya chini ya gumba inanywea na mtu anaanza kudondosha vikombe. Akifika hapo hata upasuaji unaweza usimrudishie nguvu yote. Wakati angewahi, wengi wanaanza na kitu rahisi tu, kifaa cha kufunga kifundo usiku kikae kimenyooka, na kubadilisha ile kazi. Vidonge vya kutuliza maumivu vya kununua dukani kila wiki, hasa diklofenaki, vinanyamazisha ili ukaendelee kuumia, na ukivitumia ovyo tumbo na figo vinalipa.

Ndo maana nasisitiza tofauti. Ukiita baridi, unatafuta joto. Ukiita kazi, unaangalia kazi inafanywaje, na hapo kuna mengi ya kurekebisha bila pesa nyingi. Kisu kilichonolewa kinapunguza nguvu unayotumia, na hilo linasaidia kuliko dawa yoyote ya kupaka. Mpini mwembamba ukizungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli unajaza kiganja na hautelezi, ila usiwe mfupi kiasi kwamba kitako chake kinachoma katikati ya kiganja, maana hapo ndo unaugandamiza ule mshipa. Keni mbili zisizojaa pomoni ni bora kuliko mbili zinazomwagika, na kama kuna namna ya kuchangia pampu na mpira wa maji wenzako watatu wanne, hilo linaokoa vifundo vya wote. Viriba vijazwe mezani au juu ya kreti zilizopangwa, kwa kopo au chupa iliyokatwa mdomo, gumba libaki kumalizia tu. Na watu wabadilishane, saa hii unajaza, baadaye unapanga miche, baadaye unamwagilia, siyo mtu mmoja viriba wiki nzima kwa sababu ana mkono mwepesi. Huyo mwenye mkono mwepesi ndo anayeumia wa kwanza. Kule California mwaka 1975 walipiga marufuku jembe la mpini mfupi lililokuwa likivunja migongo ya vibarua wa mashamba ya mboga, na kabla ya hapo vibarua walikuwa wanaambiwa ndo kazi yenyewe ilivyo.

Kwa walioajiriwa kwenye mashamba na vitalu kuna na upande wa haki. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010 inayataja wazi haya ya kapo taneli na kano za gumba, yakitokana na kazi ya kurudiarudia yenye nguvu na kifundo kilichopinda. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unaotokana na sheria ya 2008. Lakini kwenye cheti kukiandikwa baridi yabisi tu, hakuna atakayekwenda kuangalia ile kazi, na kibarua mwingine atakalishwa palepale kwenye rundo la udongo.

Kwa hiyo wadau, mtu akikuonyesha kifundo chake usianze na jina la ugonjwa. Muulize kwanza vidole gani, usiku au asubuhi, mkono mmoja au yote miwili, kuna uvimbe au hakuna, kisukari anacho, ana mimba, maana hivyo viwili navyo vinaleta ganzi hiihii. Halafu umwambie aende hospitali, na akifika asiseme "mimi ni mkulima" akanyamaza, aseme nashindilia viriba kwa gumba hili, toka saa moja mpaka saa kumi, na aonyeshe kwa mkono jinsi anavyofanya.