Kano ya Bega Ikichanika: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Tatizo linaanza na neno lenyewe. Mtu akiambiwa kano ya bega lake, yaani kamba inayoufunga msuli kwenye mfupa, imechanika, akilini inamjia nguo: imepasuka, kila ukiivuta mpasuko unaongezeka, na dawa yake ni fundi wa kushona. Kuanzia siku hiyo mkono hauinuliwi, rafu ya juu inaachwa, na usingizi unakuwa wa ubavu mmoja. Mengi yanayosemwa kuhusu jeraha hili yamezaliwa na picha hiyo ya nguo.

Bega halikuumbwa hivyo. Misuli minne inatoka kwenye bapa la bega, na kano zake zinasukana kabla ya kujishikiza kwenye kichwa cha mfupa wa mkono wa juu. Kazi yake ni kukishika kichwa hicho kisiteleze wakati msuli mkubwa unaofunika bega unapoinua mkono. Kano inayochanika zaidi ni ile ya juu, ipitayo chini ya ncha ya bega. Ila kwa kuwa zimesukana kama mkeka, ukindu mmoja ukikatika, sehemu kubwa ya mzigo huchukuliwa na zilizobaki.

"Imechanika, basi lazima ishonwe"

Si lazima, na kwa wengi si hatua ya kwanza. Mwaka 2013 kundi la madaktari wa mabega nchini Marekani lilitoa matokeo ya wagonjwa 452 ambao kano zao zilikuwa zimetoboka kabisa, bila ajali yoyote. Wote walianza na mazoezi. Miaka miwili baadaye, waliofanyiwa upasuaji hawakufika robo, na wengi wao waliamua hivyo ndani ya wiki 12 za mwanzo. Aliyevuka hapo akiwa na nafuu, kwa kawaida hakurudi kutafuta kisu. Ufini nako, mwaka uliofuata, watu wa zaidi ya miaka 55 wenye mchaniko wa kano ya juu uliotokea bila ajali waligawanywa kwa kura: mazoezi peke yake, mazoezi na kukwangua mfupa wa ncha ya bega kwa upasuaji, au mazoezi, kukwangua na kushona. Mwaka ulipoisha, makundi yote matatu yalikuwa na nafuu inayokaribiana.

Nisiwe wakili wa upande mmoja. Norwei waliwafuatilia watu 103 kwa miaka 10, na walioshonwa mapema walimaliza wakiwa na hali bora kuliko walioanzishiwa mazoezi. Tofauti ilikuwa ndogo mwanzoni, ikakua kadiri miaka ilivyopita. Kwa hiyo umri, kazi ya mtu na namna alivyoumia vyote huingia kwenye hesabu.

Jambo moja katika ule utafiti wa Marekani linanivutia kuliko tarakimu zote. Kilichoashiria zaidi nani ataishia chumba cha upasuaji hakikuwa ukubwa wa mchaniko wala ukali wa maumivu, bali kama mgonjwa alitarajia mazoezi yatamsaidia. Mimi nalisoma hivi: asiyeamini hufanya siku nne, akaacha, kisha husema amejaribu.

"Picha imeonyesha, hakuna la kubishana"

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za MRI, zinazoonyesha misuli na kano ndani ya mwili, watu 96 ambao mabega yao hayakuwa na dalili yoyote. Asilimia 34 walikutwa na mchaniko. Kwa waliopita miaka 60 ilikuwa asilimia 54. Hawa ni watu waliokuwa wakilala na kuamka bila kujua kuna lolote. Michaniko mingi ya umri huo ni kama mvi za bega. Tena ukubwa wa tundu hauendi sambamba na maumivu: mwenye mchaniko mdogo anaweza kukesha, na mwenye mkubwa akakoroma. Picha ina kazi yake, hasa upasuaji unapofikiriwa, lakini isomwe na mtu aliyelishika bega lako kwanza, akaona linainuka mpaka wapi na linauma wapi.

"Likiuma wakati wa zoezi, unazidi kulichana"

Hofu hii ndiyo inayowaangusha wengi. Kano inahitaji mzigo unaoongezwa taratibu. Ikikosa mzigo hudhoofika. Wataalamu wengi wa fiziotherapia humwambia mgonjwa ayapime maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Yakiwa 3 au 4, yakatulia baadaye, na kesho bega likaamka kama lilivyokuwa jana, zoezi linaendelea. Yakikesha nawe, punguza uzito au marudio. Usitupe zoezi zima. Ni kweli michaniko mingine hupanuka miaka inavyokwenda, lakini hupanuka hata kwa watu wasiofanya zoezi lolote. Kukaa tu si kinga.

Mazoezi yenyewe hayana makeke. Mtu huanza amelala chali, mkono usiouma ukiusaidia ule unaouma kupanda kuelekea kichwani, kwa sababu akilala hivyo uzito wa mkono hauliemei sana bega. Au huinama akiwa ameegemea meza, akauacha mkono uning'inie na kuubembeza kidogo. Zoezi hilo bado linaitwa kwa jina la Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston aliyezichunguza kano hizi mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye mkono hutelezeshwa ukutani kwenda juu. Kisha huja mpira wa kuvuta: kiwiko kimekunjwa, kimebana taulo ubavuni, kiganja kinavuta kwenda nje, halafu kwenda ndani. Viwiko huvutwa nyuma ili mabapa ya bega yakaribiane. Vyuma vya kunyanyua huja mwisho. Hesabu wiki 6 hadi 12. Anayetazamia muujiza wiki ya pili hujivunja moyo mwenyewe.

"Mazoezi yanaunganisha kano"

Hii ni dhana potofu ya upande wa pili, na sisi tunaoyapigia debe mazoezi tumechangia kuieneza. Tundu lililopenya kano nzima kwa kawaida halijizibi. Ukipigwa picha tena mwakani, huenda utalikuta palepale, na wewe unachana nywele bila shida. Kilichobadilika ni jirani zake: kano za mbele na nyuma zinakishika vizuri zaidi kichwa cha mfupa, msuli mkubwa wa bega umepata nguvu, bapa linageuka kwa wakati wake, na mwili umeacha kujikaza kila mkono unapopanda.

Mengine niyapitie mbio. Kuutundika mkono shingoni kwa kitambaa kwa wiki nyingi, bila daktari kuagiza, huleta ukakamavu juu ya maumivu. Kukandwa hutuliza, ila hakujengi nguvu. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hupunguza maumivu kwa muda, na ikirudiwarudiwa inaweza kuidhoofisha kano. Uingereza, katika utafiti wa 2021 wa watu 708 wenye matatizo ya kano za bega, mwaka ulipoisha waliochomwa hawakuwa mbele ya wasiochomwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kikao kimoja kizuri cha maelekezo, mtu akaenda kufanya nyumbani, kilikaribia kufanya kazi sawa na vikao hadi sita vya kusimamiwa. Na kama mkono haupandi hata mtu mwingine akiuinua, huenda shida ni bega lililoganda, ambalo lina matibabu yake.

"Anza mazoezi, upasuaji utasubiri"

Kuna bega lisilosubiri. Mtu ameanguka, au ameteguka bega, na mkono uliokuwa ukiinuka asubuhi hauinuki jioni: huyo aonwe na daktari wa mifupa haraka, hasa akiwa bado na umri wa kufanya kazi nzito. Kano iliyokatika ghafla hujivuta kurudi nyuma, na msuli wake husinyaa na kujaa mafuta. Miezi ikipita, kuirudisha mahali pake huwa vigumu, na mafuta yale kwa kawaida hayaondoki hata ikishonwa.

"Nimeshafanyiwa upasuaji, mazoezi ya nini tena"

Hapa mambo hugeuka. Yule aliyeogopa kuinua kikombe kabla ya upasuaji, mwezi wa pili anataka kubeba mtoto, kwa sababu haumwi tena. Maumivu huondoka kabla kano haijashikamana na mfupa. Ndiyo maana mara nyingi mkono hukaa umetundikwa wiki 4 hadi 6, kisha husogezwa kwa msaada, na mazoezi ya nguvu huanza karibu na wiki ya 12. Ndani ya muda huo, ndoo moja iliyojaa inaweza kuzing'oa nyuzi zote za mshono.