Kanuni mpya za Rhine: anza na majedwali ya vyombo vya zamani

Toleo jipya la ES-TRIN likitoka, mimi hufungua kwanza majedwali ya mpito kule mwishoni, yale ambayo wengi huyaruka. Hivi ndivyo viwango vya kiufundi vya vyombo vya mito na mifereji ya Ulaya. Huandaliwa na CESNI, kamati iliyoundwa mwaka 2015 chini ya Tume ya usafiri wa Mto Rhine huko Strasbourg, na huhuishwa takriban kila miaka miwili. Tishari la chuma huishi miongo mingi, kwa hiyo majedwali hayo ndiyo yanayoamua kama kanuni itakigusa chombo chako au la.

Sehemu kubwa ina herufi tatu, N.R.C.: kanuni inahusu chombo kipya (N), sehemu iliyobadilishwa (R), au sehemu iliyogeuzwa (C). Makosa mengi yako kwenye herufi ya katikati. Pampu ya ngama, yaani ya tumbo la chombo, ikifa ukafunga nyingine ya aina ileile na teknolojia ileile, hayo ni matengenezo tu. Ukifunga mfumo wa aina nyingine, kanuni mpya imeshakushika. Hifadhi stakabadhi na picha ya kibati cha pampu ya zamani kabla haijapelekwa kwenye chuma chakavu.

Kwingine utakuta tarehe, tuseme "cheti kitakapohuishwa baada ya 1.1.2035". Wengi huisoma kama siku ya mwisho, na sivyo. Cheti cha chombo cha mizigo kinaweza kudumu hadi miaka 10, cha abiria 5. Aliyehuisha Desemba 2034 anaweza kufika 2044 bila kuguswa. Kwa kelele za injini, sawa. Kwa kinga ya moto naona ni muda mrefu mno.

Alama ya mzamo, inayoonyesha chombo kizame hadi wapi kikipakiwa, haina sababu ya kungoja. Ni mstatili ubavuni, urefu mm 300, kimo mm 40. Chombo cha mita 40 au zaidi huwa na angalau jozi tatu. Mpaka ni ukingo wa chini wa mstatili. Maji yakiugusa, acha kupakia. Anayehesabu hadi ukingo wa juu, kwenye tishari la mita 110 kwa 11.40, ameongeza karibu tani 45 hadi 50. Rangi peke yake hubanduka kwa kusuguana na gati, na mpakaji anayefuata huipandisha kidogo. Chomelea ukingo au piga nukta za patasi kwanza, kisha paka.

Kwenye Mto Kongo, kati ya Kisangani na Kinshasa, ningependa kanuni za baleinière, yale maboti marefu ya mbao, zianzie kwenye alama hii, maana mchoro wa patasi kwenye ubao haungoji injini mpya. Kwa ngama isiyofunikwa, Rhine hudai angalau mm 500 kutoka mstari wa mzamo hadi ukingo wa uwazi. Pima umbali huo maji yakiwa matulivu, ubavu wa kushoto na wa kulia, tezi na omo, na uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, si wastani.