Ini lako halihitaji kuoshwa

Juzi mgonjwa aliweka kopo mezani kwangu kabla hata hajaketi. Ndani mlikuwa na vidude laini vya kijani, vikubwa vikitoshana na kucha ya kidole gumba. "Daktari, haya ndiyo mawe yaliyotoka kwenye ini." Ili kusafisha ini, alikuwa ameshinda na njaa, akanywa chumvi ya kumfanya aharishe, halafu usiku akanywa mafuta ya zeituni kwa maji ya limau. Ni mtu wa nne mwaka huu kuniletea kopo la namna hiyo, na nimechoka kueleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja.

Nilivaa glavu, nikachukua kidude kimoja nikakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Tukakitazama wote wawili. Kikalegea, kikapoteza umbo, mwisho yakabaki mafuta ya kijani yanaelea juu. Jiwe la nyongo haliyeyuki hivyo. Lingekuwa linayeyuka kwa joto kama la mwili, lisingepata kuwa jiwe hata siku moja. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa "mawe" ya aina hii hii. Yalipowekwa kwenye nyuzijoto 40 kwa dakika 10 yalikuwa mafuta, na ndani yake hamkuwa na kolesteroli, bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) wala kalisi, vitu vinavyojenga mawe halisi. Ni sabuni: asidi za mafuta aliyokunywa zilikutana na potasiamu ya limau, zikagandana tumboni. Mtu huyu alitoa kile kile alichoingiza.

Mawe halisi hukaa kwenye mfuko wa nyongo. Ukibugia mafuta mengi kwa mkupuo, mfuko hujikamua kwa nguvu, na mwenye mawe ya kweli anaweza kusukuma moja likanasa kwenye mrija. Hapo kinachofuata ni macho na ngozi kuwa njano, au kongosho kuvimba, na kitanda cha hospitali.

Wengi hudhani ini ni kama chujio la kitambaa, linashika uchafu hadi linaziba. Sivyo. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na kila dakika hupitisha takriban lita moja na nusu ya damu, robo tatu yake ikitoka moja kwa moja kwenye utumbo. Sumu ikifika pale hubadilishwa kikemia, kisha hutolewa kwa nyongo au kwa figo. Kinacholimbikizana kwenye ini ni mafuta, na kwa wachache wenye magonjwa ya kurithi, madini ya chuma au shaba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotolewa kwa juisi.

Na kwa kuwa karibu kila unachokimeza hupita kwenye ini kwanza, hiyo "dawa ya kusafisha" nayo inapita hapo. Mwaka 1992 Ufaransa iliondoa sokoni mmea wa kupunguza uzito, Teucrium chamaedrys, baada ya watumiaji kupata homa ya ini. Siku hizi tunaona ini likiumizwa na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa, na vya manjano yaliyochanganywa na kiini cha pilipili manga ili yafyonzwe zaidi. Manjano ya kwenye chakula ni kitu kingine kabisa. Kiasi ndicho kinacholeta tofauti. Lakini nikiri: hakuna kipimo kinachosema "mmea huu ndio mkosaji." Tunaondoa sababu nyingine moja baada ya nyingine, kisha tunaamua. Nimewahi kulaumu mitishamba ya mgonjwa kwa wiki kadhaa, kumbe ni kinga yake mwenyewe iliyokuwa inashambulia ini.

Sasa hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linatoka kwetu sisi watu wa afya: "Vipimo vya ini viko sawa." ALT na AST havipimi kazi ya ini. Ni vimeng'enya vinavyovuja seli zinapoumia. Ini lililokwisha jaa makovu linaweza kuvujisha kidogo sana, kwa hiyo karatasi ikatoka safi wakati sirosisi imeshaingia. Kazi ya ini huonekana kwenye albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), bilirubini na muda wa damu kuganda, na hivyo navyo huharibika mwishoni mwishoni. Isitoshe, ukomo wa "kawaida" wa ALT unabishaniwa. Maabara nyingi huandika 40 au zaidi, kwa kuwa miongoni mwa watu waliopimwa kuuweka walikuwamo wenye ini lenye mafuta bila kujijua. Wapo wataalamu wanaotaka ushuke hadi karibu 30 kwa wanaume na 19 kwa wanawake. Mimi naegemea kwao, ingawa najua nitawatia hofu baadhi ya watu wenye afya njema.

Kuhusu tiba nitakwenda haraka. Pima homa ya ini B na C: B ina chanjo na dawa za kuituliza, C inapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Acha pombe kama ini limeshaumia. Kwa ini lenye mafuta, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito hutuliza uvimbe wa ini, japo wagonjwa wangu wengi huurudisha uzito huo, na sina jibu zuri kwa hilo.

Mwenye kopo ana miaka 52. ALT yake 38, AST 39, chembe sahani (chembe za kugandisha damu) 160, zote ndani ya mipaka iliyochapwa kwenye karatasi. Nikafanya hesabu iitwayo FIB-4, inayokadiria makovu ya ini: nilizidisha umri kwa AST, nikagawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT, nikapata 2.06. Chini ya 1.3 ningemwacha aende kwa amani. Nimemwandikia kipimo cha ugumu wa ini, na nimemwomba aje na kila chupa na kila kidonge alichonacho nyumbani.