Shaba ni yetu, meli ni ya nani?

Shaba inayopita Kasumbalesa huwa ina mwenyewe kabla haijaiona bahari. Lori likiwa bado kwenye foleni ya kuingia Zambia, liwe linakwenda Dar es Salaam, Durban au Beira, mnunuzi ameshajulikana, na mara nyingi ni yeye aliyekwisha kuchagua meli itakayobeba mzigo. Kila tunapofanya mhadhara wa wazi kuhusu uchukuzi hapa Lubumbashi, swali ni lilelile: nchi yenye madini haya yote, mbona haina meli zake? Wengi hutarajia tujibu kwa habari ya fedha, au ufupi wa pwani yetu ambayo haifiki kilomita 40. Mimi huanzia kwenye mkataba wa mauzo.

Mauzo ya FOB humwachia muuzaji kazi ya kufikisha mzigo melini tu. Nauli ya bahari, bima na uchaguzi wa meli ni vya mnunuzi. Kwa CIF, muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya kushushia, kwa hiyo yeye ndiye anayetafuta meli. Kongo kwa kawaida huuza shaba yake kwa FOB, au huikabidhi mapema zaidi, langoni mwa mgodi. Bidhaa zinazoingia, kuanzia matairi hadi salfa ya viwandani, nyingi hununuliwa kwa CIF. Kwenda na kurudi, anayechagua meli ni mgeni. Serikali inaweza kununua meli kumi kesho asubuhi, zikatia nanga nje ya Dar na kukaa tupu, maana hakuna Mkongomani mwenye mamlaka ya kuamua shaba ipakiwe humo.

Afrika imelipa ada ya somo hili zaidi ya mara moja. Ghana ilianzisha Black Star Line mwaka 1957, mara tu baada ya uhuru, na Nigeria ikaunda shirika lake mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950. Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ziliungana mwaka 1966 kuendesha kampuni moja ya meli. Ilipofika 1980 ilikuwa imefungwa. Sisi wenyewe, enzi za Zaire, tulikuwa na CMZ, kampuni ya taifa ya meli, na wazee waliofanya kazi bandari ya Matadi bado wanazikumbuka meli zake. Mwaka 1974 nchi zinazoendelea zilipata hata kanuni ya Umoja wa Mataifa iliyogawa mizigo ya meli za ratiba kwa mafungu: asilimia 40 kwa nchi inayouza, 40 kwa inayonunua, 20 kwa wengine. Kanuni ikaanza kutumika 1983. Haikugusa mizigo ya kichele, ile inayomiminwa melini bila kufungashwa, haikuzuia kampuni kubwa za makontena kukua kuliko vyama vya zamani vya kampuni za meli vilivyopanga nauli pamoja, na mwaka 2008 Ulaya ikaondoa kabisa ruhusa iliyovilinda vyama hivyo.

Ethiopia iliponea. Kampuni yake ilianzishwa 1964, nchi ikapoteza pwani yote Eritrea ilipojitenga mwaka 1993, lakini meli zikaendelea kupeperusha bendera ya Ethiopia na kupakia Djibouti. (Haki ya nchi isiyo na bahari kuwa na meli ilikubaliwa Barcelona tangu 1921, hivyo asitutishe mtu kwa ramani.) Mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliagiza meli tisa mpya China. Kilichoiweka hai ni sharti kwa waagizaji: nunua kwa FOB, na kampuni ya taifa ipewe nafasi ya kwanza kubeba. Waagizaji wa Addis Ababa wamelalamika sana kuhusu sharti hilo, na wana sababu, kwa kuwa asiye na mshindani hana haraka. Ila meli zilipata mzigo.

Hesabu ya shehena

Tuseme mkataba umebadilika. Tujenge meli ngapi?

Mwaka 2023 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 2.8 za shaba. Njia zake ni nyingi, na sasa bandari ya Lobito, Angola, imeongezeka, kwa hiyo tuchukue kwa mfano tu kwamba tani 900,000 zinapita Dar kwenda China. Safari ni zaidi ya maili za baharini 6,000. Meli inayokwenda noti 13, yaani maili 13 za baharini kwa saa, hukata maili 312 kwa siku, basi ni siku 20 hivi kwenda na 20 kurudi. Ongeza siku 20 za kupakia, kushusha na kungojea gati: mzunguko mmoja ni siku 60. Kwenye karatasi ni safari sita kwa mwaka. Ukitoa siku za karakana na dhoruba, weka tano na nusu. Meli yenye uwezo wa tani 30,000, ukiondoa mafuta na maji yake, itabeba tani 28,000 za shaba kila safari, yaani tani 154,000 kwa mwaka. Tani 900,000 zinahitaji meli sita.

Sita! Watu hutarajia kusikia sitini.

Na hizo sita ni endapo shaba yote hiyo iko mikononi mwetu, nayo haiko. Miaka ya karibuni Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, imekuwa ikidai kuuza yenyewe sehemu ya shaba inayolingana na hisa zake kwenye migodi ya ubia. Huo ndio mzigo pekee ambao Mkongomani anaweza kuuchagulia meli bila kugombana na mtu. Ukiwa tani 100,000 kwa mwaka kupitia Dar, hata meli moja haujazi. Mpango wa kweli wa kuanzia, kwa maoni yangu, ni kukodi meli moja au mbili kwa miaka miwili, mitatu, watu wetu wajifunze kuziendesha kibiashara, na takwimu zikusanywe. Takwimu nyingine tayari tunazo: kila mzigo unaoingia hujaziwa fomu ya FERI ya OGEFREM, shirika la serikali linalosimamia mizigo ya nje, yenye uzito, bandari na meli. Wafanyabiashara huiona fomu hiyo kama gharama tu. Mpangaji wa meli akipewa miaka mitano ya fomu hizo anaweza kuchora njia zote za biashara yetu ya kuingiza.

Meli ya namna gani

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wataalamu. Shaba ya kathodi, yaani bamba za shaba safi, ni nzito mno kwa umbo lake. Tani 28,000 zake, zikiyeyushwa zikawa donge moja, zingejaa mita za ujazo 3,150 tu, wakati tumbo la meli ya ukubwa huo lina zaidi ya mara kumi ya nafasi hiyo. Ukiilaza yote sakafuni, mambo mawili hutokea: sakafu isiyoimarishwa hupinda, na uzito ukikaa chini sana meli hujirudi kwa ukali ikipigwa na wimbi, ikayumba kwa mishtuko inayokata minyororo ya kufungia mzigo. Kwa hiyo meli ya shaba inataka sakafu nene na ghorofa ya kati inayofunguka, sehemu ya mzigo ikae juu.

Kisha kuna kurudi. Kutoka China zitakuja mashine, mabomba, vyuma na kemikali, lakini tani zake hazilingani na tani za shaba. Meli inaweza kupitia Ghuba ya Uajemi kuchukua salfa, ambayo viwanda vyetu huigeuza asidi ya kuchenjua mawe ya shaba. Salfa ni kichele, inataka tumbo wazi lisilo na nguzo, na ikilowa hula chuma. Tumbo lililobeba salfa lazima lisafishwe na kukaguliwa kabla ya kathodi kuingia, kwa kuwa mnunuzi hataki shaba yenye madoa. Rangi ya ndani, ghorofa za kukunjwa pembeni, winchi za meli yenyewe kwa siku ambazo kreni za bandarini zimelala: yote hayo huandikwa kwenye mchoro kabla bamba la kwanza la chuma halijakatwa.

Halafu mzigo wenyewe haukai ulivyo. Kiwanda cha kuyeyusha cha Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, kimeundwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, na moshi wake hugeuzwa asidi ya kuuziwa migodi jirani. Asidi ya nyumbani ikiongezeka, salfa ya Ghuba itapungua. Meli huishi miaka 20 hadi 25. Ndiyo maana ningekataa meli ya salfa peke yake hata kama hesabu ya leo inaipendeza, nikachagua ya mizigo mchanganyiko.

Kujenga kidogo kidogo

Marekani ilijenga meli nyingi kwa pupa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na mara baada yake, na katikati ya miaka ya 1930 zote zikawa zinazeeka pamoja. Sheria ya mwaka 1936 ikaleta mpango mwingine: meli 500 kwa miaka 10, yaani 50 kila mwaka, kwa michoro michache ya kawaida iliyoitwa C1, C2 na C3, baada ya kuchunguza njia za biashara ambazo taifa lilizihitaji. Vita vya Pili vikaja, mpango ukamezwa na meli za mizigo za vita 2,710 zilizoitwa Liberty. Watu hupenda kusimulia kwamba mojawapo, Robert E. Peary, iliundwa kwa siku nne na saa 15 mwaka 1942. Ni kweli, lakini ilikuwa maonyesho, vipande vikiwa vimeandaliwa kabla. Na baadhi ya meli za aina hiyo zilipasuka kwenye baridi. Kinachotufaa sisi ni ule mwendo wa kabla ya vita: idadi ndogo kila mwaka, mchoro uleule, vipuri vilevile.

Malipo nayo yana mwendo wake. Mara nyingi ni mafungu matano: kusaini, kukata chuma, kulaza mkuku (uti wa meli), kushusha majini, kukabidhi. Benki ya mjenzi hudhamini kurudisha fedha akishindwa kumaliza. Asiyedai dhamana hiyo asije akalia. Na mkopo huhesabiwa kwa dola, usiojali habari za madini: Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje kwa miezi mingi ili kuinua bei, uamuzi ambao una mantiki yake, lakini meli ya taifa iliyotegemea kobalti ingeendelea kudaiwa kila mwezi. Hyundai ya Korea Kusini ilionja jambo kama hilo. Ilikuwa inajenga karakana ya Ulsan na meli zake za kwanza za mafuta kwa wakati mmoja, mgogoro wa mafuta wa 1973 ukaja, wateja wakakataa baadhi ya meli. Mwaka 1976 ikaunda kampuni yake ya uchukuzi ili kuzitumia. Iliweza kwa kuwa Korea ilikuwa na mafuta yake ya kuagiza, mzigo wa uhakika wa kuzijaza.

Je, tujenge nyumbani? Meli za bahari kuu, hapana, si sasa: China, Korea Kusini na Japani hutengeneza zaidi ya tisa ya kila sehemu kumi za tani zote duniani, na karakana mpya haishindani nao kwa bei. Ziwani ni habari tofauti. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa masanduku 5,000, ikaletwa kwa meli na reli hadi Kigoma, na kuunganishwa tena kwa ribiti. Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, Wakorea na Watanzania wameunganisha meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Kalemie, upande wetu wa Ziwa Tanganyika, ina bandari na reli inayofika hapa Lubumbashi, ingawa reli yenyewe inahitaji matibabu. Meli za kuvusha makontena kati ya Kalemie na Kigoma zinaweza kuunganishwa ufukweni kwa vipande vilivyoagizwa, na mafundi wa kuchomelea wa Katanga, waliozoea matanki ya asidi, hawataanza kutoka sifuri.

Lililobaki ni watu, nalo ndilo huchelewa kuliko chuma. Meli hukamilika kwa miaka miwili hivi. Ofisa wa zamu, kwa mkataba wa kimataifa wa 1978, anahitaji mafunzo yaliyoidhinishwa yenye angalau miezi 12 baharini, na nahodha miaka mingi juu ya hapo. Miezi hiyo hupatikana kwenye meli za wengine. Mkataba wowote wa kuuza shaba ya taifa, au wa kukodi hizo meli mbili za majaribio, unaweza kubeba kifungu cha nafasi mbili za wanafunzi wa Kongo kila safari, mmoja kwenye chumba cha kuongozea meli, mmoja kwenye chumba cha injini. Kifungu hicho kinaweza kuandikwa mwaka huu, kabla hatujaagiza hata bamba moja.