Matatizo ya seli mundu: yanaandikwaje kwenye faili la mgonjwa?

Msimbo wa ugonjwa ni nini?

Ni herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa. Katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani, seli mundu iko chini ya D57: D57.0 ni ugonjwa ukiwa na shambulio (unapozidi ghafla, kwa mfano kwa maumivu makali), D57.1 ni bila shambulio.

Na mwenye AS?

Huyo ni D57.3. Amebeba jeni moja tu ya seli mundu (S) na moja ya kawaida (A), hana ugonjwa. Tafadhali asiandikiwe D57.1.

Daktari ameandika "shambulio la seli mundu". Haitoshi?

Haitoshi kabisa. Toleo la Marekani la orodha hiyo linatenganisha mashambulio ya mwenye SS, yaani mwenye jeni mbili za seli mundu: D57.01 ni sindromu ya ghafla ya kifua, D57.02 ni damu kunasa kwenye bandama, D57.03 ni shambulio lililogusa mishipa ya ubongo. Anayeweka misimbo haruhusiwi kukisia. Hata kama eksirei imeonyesha doa jipya kwenye mapafu na mgonjwa ana homa na anabanwa kifua, daktari asipolitaja tatizo kwa jina, msimbo wake hauwekwi. Sindromu hiyo huua, na aliyewahi kuipata anaweza kuipata tena. Atakayempokea usiku mwingine atajuaje, ikiwa faili linasema "shambulio" tu?

Basi aandike nini?

Aanze na aina: SS, SC (S pamoja na jeni nyingine yenye kasoro, C), au S pamoja na thalasemia ya beta, kasoro nyingine ya damu ya kurithi. Kisha ataje tatizo lenyewe na alichokiona. Kwa bandama, aandike imeshuka sentimita ngapi chini ya mbavu, na hemoglobini (kipimo cha kiwango cha damu) ya leo kando ya ile ambayo mgonjwa huwa nayo akiwa mzima. Hiyo ya pili husahaulika mno, nayo ndiyo yenye maana: 7 inaweza kuwa hali ya kila siku ya mgonjwa mmoja, na kwa mwingine aliyezoea 9 ikawa dalili ya hatari. Bandama ikivimba ghafla huku hemoglobini ikishuka gramu 2 kwa desilita au zaidi, hilo ni jambo la dharura, hasa kwa mtoto mdogo.

Kiharusi cha zamani je?

Kiandikwe kuwa ni cha zamani, lakini kisifutwe. Huenda ndicho sababu ya mgonjwa kuongezewa damu mara kwa mara.

Mzazi anaweza kusaidia?

Ndiyo. Kabla ya kuondoka wodini, muulize daktari: "Tatizo alilopata mtoto linaitwaje, na mmeliandika kwa jina hilo?"